Celica ya Milango Miwili: Mambo ya Kupima Kabla Hujatoa Hela

Swali hili huja kila msimu wa kahawa unapoanza kulipa. Mtu ameona Toyota Celica ya mwaka 2000 au 2003, milango miwili, imelala chini, rangi inang'aa, na bei iko chini ya ile ya Premio au Wish ya umri huohuo. Anauliza: nikilichukua gari hili hapa Bugene, litanifaa au litanimaliza? Wanaouliza ni wa Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe, na upande wa Kyerwa ni wa Nkwenda, Isingiro mpaka Murongo.

Jibu langu: linanunulika, ila si kwa kila mtu na si kila Celica. Karibu wote wanaouliza wanaogopa injini. Injini ndiyo sehemu yenye unafuu, kwa sababu spea zake zipo. Kinachowamaliza wenye gari hili huku kwetu ni tumbo lake lililo karibu na ardhi, na bodi ambayo ikivunjika huipatii mbadala kwa urahisi. Ukaguzi wako uanzie hapo.

Tunazungumzia gari gani hasa

Ni Celica ya kizazi cha saba, iliyotoka Septemba 1999 na kukoma kutengenezwa Aprili 2006. Zilizoletwa kutoka Japani ziko za aina mbili, na zote zinavutwa na tairi za mbele:

- SS-I, namba ya chesisi inaanza na ZZT230. Injini 1ZZ-FE, cc 1,794, nguvu za farasi 145.
- SS-II, namba inaanza na ZZT231. Injini 2ZZ-GE, cc 1,795, nguvu za farasi 190.

Mengi ya ninayosema yanafaa pia kwa ndugu zake wa zamani kidogo: Celica ya ST202, Curren, Levin na Trueno za AE111. Kwa Honda Integra, Prelude na Mitsubishi FTO, ukaguzi ni uleule, ila jiulize kwanza ni fundi gani wa Karagwe amewahi kufungua injini yake. Kama humjui, achana nazo.

Jambo moja la kunyoosha mapema. Wauzaji hupenda kusema, "Hii ndiyo gari ya Safari Rally." Ni kweli Celica ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 ikiendeshwa na Björn Waldegård na Juha Kankkunen, ikashinda tena 1990, kisha Mkenya Ian Duncan akashinda nayo 1994. Lakini zile za miaka ya 80 zilisukumwa na tairi za nyuma, na zile za miaka ya 90 zilitumia tairi zote nne. Zote ziliinuliwa na kuimarishwa chini kwa kazi hiyo. Unayouziwa wewe ni gari jingine lenye jina lilelile.

Anza na njia yako ya kila siku

Kati ya Kyaka na Bugene tuna lami, kilomita 59 na ushei, na ukifika Kyaka unaunganisha hadi Bukoba. Kwa mtu ambaye maisha yake ni Bugene, Kayanga, Omurushaka na safari za Bukoba, Celica inaishi vizuri tu. Ukiingia njia za vumbi za kuelekea Murongo, au vipande vya njia ya Benaco ambavyo bado ni changarawe, mambo yanabadilika, na mvua za masika na vuli zinayabadilisha zaidi.

Kabla hujaenda kuangalia gari lolote, fanya hivi:

1. Chukua futi ya fundi seremala, pita njia yako kuanzia getini hadi kwenye lami. Celica haifiki sentimita 15 kutoka ardhini hadi tumboni, na ikibeba watu wanne inashuka zaidi. Pima ule mgongo wa katikati unaoachwa na malori. Pima na daraja la miti au la zege kwenye mtaro wa nyumbani kwako.
2. Pita njia hiyohiyo siku mvua imenyesha. Gari la kuvutwa na tairi za mbele hujitahidi kwenye matope ya tambarare, kwa sababu uzito wa injini umekaa juu ya tairi zinazovuta. Kwenye mlima wenye utelezi uzito unarudi nyuma, tairi za mbele zinazunguka bure. Vilima vyetu mnavijua.
3. Jiulize gari litabeba nani. Mama mzee kuingia kiti cha nyuma cha gari la milango miwili ni mateso. Mgonjwa hawezi kulazwa humo. Mlango wa nyuma unainuka, na viti vikilazwa mikungu kadhaa ya ndizi inaingia, lakini ukijaza, tumbo linagusa.

Kama kuanzia kwako hadi lami ni zaidi ya kilomita chache za njia mbovu, ushauri wangu ni ununue gari jingine. Nasema hivyo nikijua wengi hawapendi kulisikia.

"Si nitaweka spesa?" Hili ndilo kosa la kwanza. Spesa zinanyanyua bodi, lakini mhimili unaopeleka nguvu kwenye tairi za mbele unabaki na pembe kali kuliko ilivyokusudiwa. Sivi jointi zinaisha haraka, raba zake zinachanika, vumbi linaingia, na unaanza kusikia tak-tak-tak kila ukikata kona. Spesa ndogo ya sentimita mbili inavumilika. Zile nene wanazofunga kwenye Premio na IST usikubali. Nafuu zaidi ni kufunga rimu ya inchi 15 yenye tairi la ubavu mrefu kidogo, na sahani ya chuma chini ya sampu ya oili.

Injini: chagua ya kawaida

Injini ya SS-I, 1ZZ-FE, ndiyo iliyomo pia kwenye Wish ya cc 1,800, Premio na Allion za cc 1,800, Opa na hata RAV4 ndogo ya cc 1,800. Maana yake, plagi, koili, pampu ya maji, gasketi, cheni ya taimingi na vichungi unavipata Bukoba au Mwanza, na fundi wako ameshaifungua. Hilo ni jambo kubwa kuliko nguvu za farasi.

Ugonjwa wake unajulikana: kula oili. Zile za miaka ya mwanzo zilikuwa na pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili. Matundu yakizibwa na masizi, ringi zinaganda, oili inapanda na kuungua. Gari linaendelea kwenda vizuri, halitoi taarifa, mpaka siku oili inapokwisha na injini inakwama ikiwa safarini. Injini hii inachukua lita 3.7 tu. Ikiwa inakula lita moja kila kilomita 1,000, na wewe hupimi, safari mbili tatu za Mwanza zinatosha kuiua.

Injini ya SS-II ni tamu, sikatai. Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha, na ukipita mizunguko 6,000 na kitu inabadilisha pigo, gari linaruka. Lakini sikiliza:

- Ilibuniwa kwa petroli ya oktani ya juu. Petroli ya kwenye chupa kando ya barabara haiifai kabisa. Jaza kwenye vituo rasmi, ambavyo mafuta yake yanawekewa vinasaba.
- Kuta za silinda zake zina mchanganyiko maalumu wa metali. Huwezi kuzichonga na kuweka pistoni kubwa kama fundi alivyozoea kwenye injini nyingine.
- Bolti za mhimili wa roka zinazobadilisha lile pigo huisha au kukatika. Zikikatika, gari linakwenda kama la kawaida na mnunuzi asiyejua hagundui.
- Ukikosea gia ya mkono, ukaingiza ya pili badala ya ya nne kwenye mwendo mkali, pampu ya oili inaweza kuvunjika.

Kwa hapa kwetu, chukua SS-I. Kama lazima iwe SS-II, nunua kwa mtu aliyeitunza mwenyewe kwa miaka, na anayeweza kukuonyesha risiti za oili.

Bodi ndiyo mtego

Nimeona mtu akishangilia kwamba amepunguziwa laki kadhaa kwa sababu taa moja ya mbele ina ufa. Taa ya Celica ni ndefu, inapanda kutoka kwenye bampa hadi juu ya boneti. Haiingiliani na gari jingine lolote. Hutaipata Kayanga, hutaipata Bukoba. Utaitafuta Gerezani au Kariakoo Dar es Salaam, au utamtuma mtu Kisekka, Kampala, na akiipata ataikuta moja, ya upande usioutaka. Ikitoka Uganda, ipitie forodha ya Mutukula kwa utaratibu.

Kwa hiyo kagua bodi kwa ukali kuliko unavyokagua injini:

- Taa zote mbili za mbele: masikio yanayozishika hayajavunjika na kugundishwa? Kuna mvuke ndani?
- Bampa la mbele: inama, shika mdomo wa chini. Mara nyingi umechanika na kushonwa kwa waya.
- Vioo vya pembeni, taa za nyuma, kioo cha mlango wa nyuma: viwe vizima na viwe vyake.
- Mlango: ni mrefu na mzito. Ufungue nusu, uunyanyue kwa mkono. Ukicheza juu chini, bawaba zimechoka.
- Mapengo kati ya boneti na mabawa yalingane kulia na kushoto. Bolti za mabawa zisiwe na alama za spana.
- Funga sumaku ndogo kwenye kitambaa laini, uipitishe kwenye bati la milango na mabawa. Inapoacha kushika, chini ya rangi kuna puti.
- Fungua buti, nyanyua zulia, angalia shimo la tairi la akiba. Mikunjo au kulehemu maana yake gari liligongwa nyuma.

Kitu kimoja chenye ufa kisikupe furaha ya punguzo. Kwanza piga simu ulizia kama kinapatikana na kwa bei gani, ndipo uzungumze na muuzaji.

Siku ya ukaguzi

Nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiliwashe kabla. Asubuhi za Karagwe zina baridi, na injini iliyolala usiku kucha haifichi kitu.

1. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha. Rudi kesho.
2. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa chini ya alama, umeshapata jibu la nusu. Oili mpya kabisa, safi kama asali, kwenye gari ambalo kila kitu kingine ni kichafu, nayo ni dalili. Fungua mfuniko wa oili: ute wa rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia.
3. Fungua rejeta ikiwa ya baridi. Maji yenye kutu, au mafuta yanayoelea, achana nalo.
4. Washa. Mlio wa cheni kama mnyororo wa baiskeli uliolegea, usiokoma baada ya sekunde chache, ni gharama inayokuja.
5. Tafuta mteremko mrefu. Shuka ukiwa kwenye gia, mguu umetoka kwenye mafuta, kisha ukifika chini kanyaga. Tazama kioo cha nyuma. Wingu la bluu ni oili inayoungua. Kipimo hiki kinashinda kuzungusha injini gari likiwa limesimama, na vilima vyetu vinakipa nafasi nzuri.
6. Ingia uwanja wa mpira. Pinda usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu kulia, kisha kushoto. Sikiliza sivi jointi.
7. Kwenye lami iliyonyooka, legeza mikono kidogo kwenye usukani. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, gari likivuta upande mmoja sana, bushi za mbele, raba za injini au tairi zisizolingana ndizo za kuangalia.
8. Gia ya mkono: ukiwa gia ya nne mwendo mdogo, kanyaga mafuta. Mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi imeisha. Otomatiki: toa N weka D, ikichelewa kushika au ikipiga kwa kishindo, giaboksi ina shida.
9. Kama ni SS-II, injini ikishapata moto vuta hadi zaidi ya mizunguko 6,000. Usipolisikia pigo la pili, bolti nilizozitaja ndizo za kushuku.
10. Malizia kwenye shimo la fundi. Tazama sampu, bomba la ekzosi lililobondeka, raba za sivi jointi, mafuta yanayovuja kwenye shokapu. Fundi awe wako. Fundi aliyeletwa na dalali anamfanyia kazi dalali.

Epuka gari lililobadilishwa sana. Springi zilizokatwa ili lilale zaidi, na hasa kichungi cha hewa cha wazi kilichofungwa badala ya boksi lake la asili. Kwa vumbi letu jekundu, kichungi cha wazi kinalisha injini mchanga kila siku.

Kadi, deni na mpaka

Karatasi mbovu zinaumiza kuliko injini mbovu, maana injini unaweza kubadilisha.

- Soma namba ya chesisi kwenye bati kati ya injini na dashibodi, uilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Gari la Japani lina namba fupi, mfano wa mwanzo wake ni ZZT230 na kistari, kisha tarakimu. Linganisha pia namba ya injini na iliyo kwenye kadi. Kama injini ilibadilishwa, mabadiliko yawe yameshaingizwa TRA, vinginevyo mzigo huo ni wako.
- Kadi iwe halisi na iwe mkononi. "Kadi iko kwa ndugu Dar" mara nyingi maana yake iko kwa mkopeshaji. "Kadi imepotea" isiwe kazi yako kuitafuta. Muuzaji apate nyingine kwanza.
- Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani, na kwenye mfumo wa TIRA kuhakiki bima.
- Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, pamoja na kitambulisho cha NIDA na TIN ya muuzaji. Kisha hamisha umiliki TRA mara moja. Usiendeshe miezi kwa jina la mtu.

Sisi tuko mpakani, kwa hiyo hili lazima niliseme wazi. Gari lenye namba za Uganda linalouzwa kwa bei ya kushangaza Murongo au Mutukula halijalipiwa ushuru wa Tanzania. Kibali cha muda cha kuingia nchini hakikupi haki ya kulinunua. Hali kadhalika gari la IT lililotoka bandarini kwenda nchi jirani: likiuzwa njiani, ni la magendo, na forodha wakilikamata umepoteza gari na fedha. Hakuna punguzo linalofidia hilo.

"Je, niagize mwenyewe Japani?"

Piga hesabu kabla ya kushawishika na bei ya kwenye picha. Chukua gari lenye thamani ya dola 2,000, pamoja na bima na meli hadi Dar es Salaam:

- Ushuru wa forodha asilimia 25: dola 500. Jumla 2,500.
- Ushuru wa bidhaa kwa cc 1,001 hadi 2,000, asilimia 5: dola 125.
- Ushuru wa uchakavu kwa gari la zaidi ya miaka 10, asilimia 30: dola 750.
- VAT asilimia 18 ya jumla ya hapo, 3,375: dola 607 na nusu.

Kodi peke yake ni karibu dola 1,980, sawa na bei ya gari lenyewe, kabla ya tozo ndogondogo, wakala, usajili na safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kuja huku. Tena TRA wanatumia thamani yao wenyewe; ingia kwenye kikokotoo chao cha magari uangalie kabla hujalipa chochote. Viwango hivi huguswa na bajeti, kwa hiyo vihakiki mwezi huo unaoagiza.

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada. Daraja la R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. XX ni sehemu iliyobadilishwa, W ni ya kunyooshwa, S ni kutu. Usikubali picha tu.

Hoja mnazoleta

"Injini ikifa nitafunga nyingine ya mtumba." Kwa SS-I, sawa, inawezekana. Lakini tenga fedha hiyo tangu siku ya kwanza, na kumbuka namba ya injini kwenye kadi.

"Nitalikodisha kwenye harusi." Maharusi na wasimamizi wao, na gauni lile, hawakai nyuma ya milango miwili. Wenye harusi wanataka gari la milango minne.

"Nitaliuza nikichoka." Premio unaiuza Omurushaka ndani ya wiki. Celica inasubiri mtu anayeipenda, na anaweza kuwa Mwanza au Dar. Usiweke humo fedha ya ada au ya pembejeo za shamba.

Mwezi wa kwanza

Usitumie fedha yote kwenye bei. Bakiza angalau robo ya bajeti yako kwa haya:

- Badilisha oili na kichungi siku ya kwanza. Andika kilomita kwenye karatasi, ubandike ndani ya mlango.
- Pima oili kila Jumamosi kwa mwezi mzima, gari likiwa tambarare na limepoa. Andika. Baada ya kilomita 1,000 utajua kama inakula na kwa kiasi gani. Chini ya nusu lita unaishi nayo. Beba lita moja kwenye buti.
- Badilisha kichungi cha hewa, na kikaguliwe kila mwezi wakati wa kiangazi.
- Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT. Ukitaka bima kubwa, uliza kampuni kabla hujanunua gari, maana baadhi hazikubali gari la umri huu, na zinazokubali zitataka kulikagua.
- Kama bajeti inaruhusu, mpigie mwenye spea Dar sasa, wakati hujapata ajali, umwagize taa moja ya mbele ya kila upande na mdomo wa bampa. Zifunge kwa blanketi, ziweke juu ya kabati.